Watoto wa nguruwe wamegoma kukua baada ya kuachishwa kunyonya, tatizo ni mbegu au ni mimi?

mgeni_zizini:
Wakuu habari zenu. Nguruwe wangu alizaa watoto 10, nikawaachisha siku ya 28, kwenye mzani wengi walikuwa kilo 7 na kitu nikajisemea hapa nimepatia. Leo siku ya 9 tangu niwatenge na mama yao nimepima tena, watatu wako kilo zile zile, mmoja kapungua kabisa, uti wa mgongo unaonekana na manyoya yamesimama, na wawili wanaharisha. Dume nililopandishia ni la kuazima, naanza kuhisi mbegu yake mbovu. Nibadili dume?

jabali77:
Dume la watu liache mkuu 😂 mbegu ingekuwa mbovu wangefika kilo 7 hapo? Tuambie kwanza, siku ile ya kuwatoa walikula nini, maji wanakunywa wapi, na uliwahamisha banda au ulimhamisha mama?

mgeni_zizini:
Niliwahamisha wao, nikawachanganya na wengine 6 wa jike la pili ili wale pamoja. Chakula ni kile cha wakubwa ila nimesaga laini na soya nimeongeza ili wajenge mwili. Maji ni ile chuchu ya bomba, wanaisukuma kwa mdomo maji yanatoka.

Mama Vibanda:
Basi jibu umeshalitoa mwenyewe mdogo wangu. Mtoto wa nguruwe anaponyonya, mama anamwita kwa kukoroma karibu kila saa, wote wanakimbia kwenye chuchu, hajawahi kuamua mwenyewe kwamba sasa nina njaa. Ukimtoa ghafla hakuna wa kumwita, sasa ongeza banda geni na wageni wa kupigana nao, anaweza kukaa siku nzima au mbili hajagusa chakula. Na utumbo wake ukikaa mtupu, vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinasinyaa, kwahiyo hata akianza kula hakimeng'enywi vizuri, kinashuka chini kinakuwa karamu ya bakteria, ndo hiyo kuhara. Soya nyingi umeongezea moto hapo, tumbo lake bado lilikuwa la maziwa na asidi yenyewe ni kidogo. Halafu wiki ya 3 na ya 4 ndo kinga aliyonyonya kwa mama inaisha wakati yake haijakomaa, yani kila kitu kimemkuta siku moja.

Mimi siku 10 tu tangu wazaliwe naanza kuwawekea chakula cha watoto kidogo kidogo wachezee, siku ya kuachisha namtoa MAMA wao wanabaki palepale, na chakula sibadilishi wiki nzima. Siku 3 za kwanza namwaga kiasi kwenye sinia pana mara 5 au 6 kwa siku nikigonga sinia, hiyo ndo sauti ya mama sasa.

mzee_kijiko:
Mnajisumbua na siku 28. Mie naachisha wiki ya 7 na sijawahi kuona hayo mambo.

Mama Vibanda:
Sikatai mzee wangu, wakikomaa ndo wanaachishika kirahisi, ila jike naye anakonda na anachelewa kupandwa tena. Kila mtu na hesabu zake.

jabali77:
Joto pia. Umri huo wanataka nyuzi 28 mpaka 30 mahali wanapolala, bila upepo wa chini. Ukikuta wamelaliana ujue wanasikia baridi, na hicho chakula kidogo wanachokula kinaishia kuwapasha mwili badala ya kuwakuza. Na kapime ile chuchu ya maji, itoe kama nusu lita kwa dakika. Wanaoharisha wape maji yenye chumvi na sukari, daktari wa mifugo awaone kabla hujakimbilia antibayotiki. Yule aliyepungua alizaliwa mdogo?

mgeni_zizini:
Ndio, alikuwa wa mwisho kabisa na alikuwa ananyonya chuchu za nyuma zile zisizo na maziwa. Sindano ya madini ya chuma, ile ya kuongeza damu, wote walipata siku ya 3.

Nimetoka bandani sasa hivi wakuu. Chuchu ya maji nilifunga kwa kimo cha wakubwa, wadogo wanarukia hawaifikii 🤦 nimeweka beseni wameligombania mpaka limepinduka. Soya napunguza leo, daktari anakuja kesho asubuhi. Wale 6 niwatenge tena au nitaanzisha vita upya?

Mama Vibanda:
Waache, wameshazoeana. Mtenge huyo mdogo tu na mwenzake mmoja mpole, na hilo beseni lifunge na waya.