Chila inakata alfajiri kwa presha ndogo, fundi anataka kuongeza gesi tena (Mbeya)

DadaMitambo:

Wakuu, habari za jioni. Ninasimamia mitambo kwenye kiwanda kidogo cha maziwa upande wa Uyole. Tuna chila (mtambo wa kupozea maji) ya kupozwa kwa hewa, uwezo wa kupoza tani 100 (kama kilowati 352), saketi mbili (njia mbili za gesi, kila moja na kompresa yake), kompresa za skrubu, gesi R134a. Inapoza maji yenye glaikoli ya propilini (dawa ya kuzuia maji yasigande) asilimia 25. Yanatakiwa yatoke nyuzi 2 na kurudi nyuzi 7, na ndiyo yanayoshusha maziwa hadi nyuzi 4 yakitoka kwenye pasteraiza (mashine ya kuyachemshia kuua vijidudu).

Iliwashwa mara ya kwanza mwezi wa nne, ikapiga kazi vizuri. Tangu Juni imeingia ni taabu tupu. Nikiiwasha saa 11 alfajiri, nje nyuzi 6 au 7, saketi namba 1 inazunguka dakika mbili tatu halafu inakata: presha ndogo ya kuvuta. Naifuta alamu, nawasha, inakata tena. Jua likipanda, kwenye saa 3 hivi, inakubali kana kwamba haikuwa na shida.

Fundi wa waliotufungia alikuja, akachungulia kioo cha gesi (kidirisha kwenye bomba lake), akaona mapovu, akasema gesi imepungua. Akaongeza kilo 6. Wiki iliyofuata akaongeza kilo 6 nyingine. Alfajiri bado inakata, na juzi saa 8 mchana imekata kwa presha kubwa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Keshokutwa anakuja na mtungi wa tatu.

Maziwa yanaanza kufika saa 1 asubuhi, mengine yanatoka Rungwe kwa pikipiki. Mtu aliyekamua saa 10 usiku siwezi kumwambia asubiri jua. Wiki hii tumekataa lita 400 zilizoanza kuchacha, na mama mmoja alisimama getini na madumu yake mawili, hajui ayapeleke wapi. Nimwache fundi aongeze?

Mlowo_Baridi:

Pole sana dada. Mapovu kwenye kioo ni gesi pungufu. Labda kuna mahali panavuja, apake povu la sabuni kwenye maungio yote, azibe, ndipo aongeze. Friji yangu ya bucha ilikuwa hivyohivyo.

MzeeKompresa_Iringa:

Mlowo, kwa friji ya bucha sikupingi. Kwa mtambo huu mapovu peke yake hayatoshi kumhukumu mtu.

Dada, nimefanya kazi za chila miaka mingi huku nyanda za juu, na kila kipupwe kinakuja na simu kama yako. Chila inayokata alfajiri na kukubali saa 3 inakulalamikia baridi. Sikiliza inavyokuwa. Gesi inasukumwa kupita kwenye vali ya upanuzi (tundu jembamba la kuingilia evapoleta) kwa tofauti ya presha kati ya upande wa juu na upande wa chini. Saa 11 alfajiri kondensa (sehemu ya nje inayotupa joto) inapigwa na hewa ya nyuzi 6. Feni zote zikiwaka kwa pamoja, upande wa juu unashindwa kupanda, vali inakosa msukumo, evapoleta (sehemu gesi inapopozea maji) inakaa na njaa, presha ya kuvuta inaporomoka, inakata. Na kioo kitaonyesha mapovu wakati huo hata kama gesi imejaa kwa kipimo. Ndiyo maana fundi aliyezoea joto la pwani anadanganyika.

Kibaya zaidi, kompresa nyingi za skrubu hazina pampu ya oili. Tofauti hiyohiyo ya presha ndiyo inayopeleka oili kwenye beringi. Kila unapofuta alamu na kulazimisha, beringi zinazunguka kavu. Acha kufanya hivyo kuanzia kesho.

Kabla hajafungua mtungi nipe haya: kesho asubuhi, inapowaka, feni za saketi namba 1 zinaanza moja moja au zote? Halafu mchana, mzigo ukiwa kamili, soma presha ya juu na upime joto la bomba la gesi ya maji (gesi iliyogeuka kimiminika) linalotoka kwenye kondensa. Funga kipimajoto kwenye bomba lenyewe, kizungushie sponji kisiguswe na upepo.

Uangalie pia bango la mtambo limeandika kilo ngapi kwa saketi.

UmemeUyole:

Naongezea upande wa umeme. Dada, usiku mnazima swichi kuu?

DadaMitambo:

@UmemeUyole ndiyo, mlinzi anazima saa 4 usiku kubana matumizi. Niliyakuta hivyo.

UmemeUyole:

Basi hapo pana tatizo la pili, na ndilo linaloua kompresa. Chini ya kompresa kuna hita ya oili. Chila ikisimama, hita inatakiwa iwe inawaka muda wote. Ikizimwa, kwa baridi ya Uyole, gesi inahamia kwenye oili na kuyeyuka humo usiku kucha. Asubuhi kompresa ikivuta, gesi inachemka ghafla na oili inageuka povu. Tazama kioo cha oili sekunde za kwanza: kama unaona povu linapanda kama ulanzi mchanga unaochacha, hiyo siyo oili tena, na beringi haina kitu cha kuteleza juu yake.

Mlinzi azime taa za ofisi, chila aiache. Kwa chila iliyokatwa umeme kwa muda mrefu, vitabu vingi vya watengenezaji vinataka hita iwake saa 24 kabla ya kuiwasha. Umeme ukikatika dakika kumi hakuna neno. Ukikatika usiku mzima, washa hita, iguse kompresa kwa mkono chini kama imepata joto, usubiri. Najua maziwa yanangoja, lakini kompresa ikifa utasubiri miezi.

Ukiwa hapo pima na volti za fezi zote tatu kwa pamoja, mota ikiwa na mzigo. Tofauti ikizidi asilimia 2 ya wastani, mota inapata joto bila sababu ya kuonekana. Na kumbuka tuko kama mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Mota za kawaida zinahesabiwa hadi mita 1,000, kwa hiyo huku hazina akiba kubwa ya kuchezea.

KijanaNjombe:

Shikamoo Mzee Kompresa, shikamooni wote. Swali dogo kwa dada: baada ya mabomba kuchomelewa, yaliwahi kusafishwa kwa maji bila kupitisha kwenye chila? Na lile chujio la kabla ya evapoleta limefunguliwa lini? Sisi Njombe tulilia miezi mitatu kumbe ni chujio.

MzeeKompresa_Iringa:

Marahaba kijana. Swali zuri kuliko yangu yote. Mzunguko wa maji ukipungua, dalili zake zinafanana na gesi kupungua: presha ya kuvuta inashuka, watu wanakimbilia mtungi. Dada, tani 100 kwa tofauti ya nyuzi 5 zinahitaji maji kama mita za ujazo 60 kwa saa, na glaikoli inataka zaidi kidogo. Tofauti ya kuingia na kutoka ikiwa nyuzi 8 kwa mzigo uleule, ujue maji yako ni chini ya 40. Glaikoli ndiyo imekuokoa. Yangekuwa maji matupu, mirija ya evapoleta ingeganda na kupasuka, maji yakaingia kwenye gesi, na hapo ni kilio.

DadaMitambo:

Wakuu, shikamooni. Nimeamka saa 10 nikaenda mwenyewe na tochi. Majibu ni haya.

Feni: saketi 1 ina feni tatu, zote tatu zinaondoka kwa pamoja sekunde ileile kompresa inapowaka. Saketi 2, ambayo haisumbui, feni inaanza moja, nyingine zinafuata presha inapopanda. Nimefungua kabati: kwenye kontakta (swichi za umeme) za feni za saketi 1 kuna kipande cha waya mwekundu kimeunganishwa juu kwa juu, hakipo kwenye mchoro. Nimekipiga picha.

Oili: niliona povu. Lilijaza kioo chote, likakaa karibu dakika nzima. Sikulala vizuri tangu hapo.

Mchana kwa mzigo kamili: presha ya juu baa 13 kwenye geji, bomba la gesi ya maji nyuzi 35. Bango linasema kilo 42 kwa saketi. Volti 398, 401, 389. Maji yanaingia nyuzi 10, yanatoka 2.

Chujio tulilifungua jioni baada ya kusimamisha pampu na kufunga vali. Kulikuwa na chembe za kuchomelea kama punje za mtama, teflon iliyosokotana, na kitambaa, kitambaa kabisa cha kufutia mikono, kimeshikilia nusu ya wavu.

MzeeKompresa_Iringa:

Mwanangu, umefanya kazi ya fundi. Tuhesabu sasa. Baa 13 kwenye geji huku kwetu ni kama 13.8 halisi, maana hewa ya Mbeya ina uzito wa baa 0.83 hivi, si moja ya pwani. R134a kwa presha hiyo inageuka maji kwenye nyuzi 52. Bomba lako ni 35. Tofauti 17. Kawaida tunategemea 5 hadi 8. Kondensa imejaa gesi iliyokwisha kuwa maji mpaka hakuna nafasi ya kupozea. Ndiyo maana mchana ikakata kwa presha kubwa. Gesi haikuwa pungufu hata siku moja.

Mtungi wa tatu usifunguliwe. Aje na mashine ya kunyonyea na mzani. Gesi yote ya saketi 1 itolewe kwenye mtungi wa kukusanyia (asijaze zaidi ya asilimia 80), asiiachie hewani. Avute vakyumu (atoe hewa na unyevu wote) mpaka kipimo kiwe chini ya maikroni 500 na ikae hapo pampu ikizimwa, abadilishe draya (chujio la kunyonya unyevu), kisha apime kilo 42 kwa mzani. Kwa kioo, hapana. Waya ule mwekundu utoke, feni zirudi kufuata presha. Volti zako zina tofauti ya asilimia 1.8, upo ukingoni, zifuatilie.

UmemeUyole:

Kabla ya kuondoa waya muulize aliuweka kwa nini. Mara nyingi kuna kitambuzi cha presha kilichokufa, wakakipita. Ukiutoa bila kubadilisha kitambuzi, feni zinaweza zisiwake kabisa.

DadaMitambo:

Ilikuwa hivyo hivyo @UmemeUyole, kitambuzi kilikuwa kimekufa tangu kufungwa. Fundi alikubali baada ya kumwonyesha namba, sikumgombeza, tumefanya wote mpaka saa 5 usiku. Zimetoka kilo 54. Tumerudisha 42, kitambuzi kipya, chujio safi. Mlinzi nimembandikia karatasi kwenye swichi na nimemweleza kwa mdomo, kaelewa. Mapezi ya kondensa pia yalikuwa na vumbi la barabara; tumeyaosha kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje.

Leo saa 11 alfajiri, nje nyuzi 5. Pampu kwanza, dakika tano, flo swichi (inayothibitisha maji yanatembea) ikakubali. Kioo cha oili kimetulia. Kompresa ikaondoka, feni zimelala. Upande wa juu ukapanda taratibu hadi baa 7, feni moja ikaanza. Maji yanaingia 7, yanatoka 2. Haijakata. Yule mama wa Rungwe amefika saa 1 na dakika kumi, madumu yake yote mawili yamepokelewa.

Nimeanza daftari, nasoma kila saa mbili. Mzee, nje ya presha, joto na ampea, niandike nini kingine?

MzeeKompresa_Iringa:

Kina cha oili, tofauti ya presha ya maji kabla na baada ya evapoleta, na joto la nje. Chujio lifungue tena baada ya siku saba, bado kuna uchafu njiani. Oktoba joto likija unitumie kurasa za mchana, huku juu hewa ni nyepesi na feni zinahangaika zaidi kuliko kitabu kinavyosema.