Hilux 3Y ya kabureta kwenda mfumo wa nozeli: naanzia wapi?

PickupYaUyole

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hilux ya 1989, injini 3Y (cc 1998), kabureta yake ileile, distributa ya igniter yenye kopo la vakyumu. Kompresheni injini ikiwa ya moto: 11.5, 11.5, 11 na 11.5 bar, kwa hiyo injini ni nzima. Inabeba mizigo Mbeya hadi Dar na kurudi.

Shida ni mwinuko. Kabureta ikipigwa tyuni Dar, ikipanda Mbeya inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Ikipigwa tyuni Mbeya, ikishuka Dar mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, gari halina nguvu na linachemka. Nataka kuachana na kabureta, nihamie kwenye nozeli (EFI, mafuta yanapulizwa kwa umeme). Nitafute seti ya 3Y-E (3Y iliyotoka kiwandani na nozeli) au nitengeneze manifodi yangu na kuweka kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya kununua? Tanki libadilishwe? Na distributa je?

NozoNne

Mkuu, ukipata 3Y-E iliyo kamili, chukua. Kamili maana yake manifodi, throto, reli na nozeli zake, kifaa cha kupimia hewa, sensa zote, distributa, kontrol boksi na waya wake wote kutoka gari moja, pamoja na rilei. Waya uliokatwa sentimita kumi kutoka kwenye kontrol boksi ni takataka, usinunue. Kabla ya kulipa, weka gasketi ya manifodi ya 3Y-E juu ya hedi yako uone kama matundu na boliti vinakaa. Seti ya kuokoteza, throto ya hapa na boksi ya pale, itakula muda kuliko kutengeneza mfumo wako mwenyewe.

Njia ya pili ndiyo ningeipendelea kwa sababu vipuri vyake havifungwi na gari moja. Unabaki na manifodi yako ya kabureta, unaitoboa karibu na hedi na kuchomelea vikombe vinne vya aluminiamu vya kukalia nozeli. Pembe yake iwe kwamba mafuta yanapiga mgongo wa valvu ya kuingiza, siyo ukuta wa manifodi. Yakipiga ukuta, utaona injini inasita kila ukikanyaga, na hakuna tyuni itakayoiponya kabisa.

Wakati wa kuchomelea, funga reli na nozeli nne mbovu mahali pake ili vikombe visipinde, na manifodi yenyewe ifungwe kwenye bamba nene la chuma. Aluminiamu ikipata moto inajikunja. Ikipoa, pitisha rula ya chuma kwenye uso unaokaa hedi. Mwanga ukipita zaidi ya mm 0.1, peleka ikasagwe. Ukiacha hivyo itavuta hewa na utahangaika na sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa) mwaka mzima.

Pale ilipokaa kabureta weka bamba la aluminiamu la mm 12 na throto ya kipenyo cha mm 50 hadi 55. Chagua yenye sensa ya kipepeo inayopanda taratibu. Throto nyingi za zamani zina swichi tu: imefungwa, imefunguka yote, basi. Hiyo haikufai. Pima kwa mita: ohm zinapanda bila kuruka unapofungua kwa kidole? Sawa.

Nozeli: 3Y haifiki farasi 100, lakini tupige hesabu ya 100. Inahitaji karibu kilo 23 za petroli kwa saa ikiwa imekanyagwa yote. Gawa kwa nne, acha nafasi ya asilimia 20, unapata kama cc 165 kwa dakika kwa kila nozeli. Chukua za cc 200 hadi 250 kwa bar 3. Zikiwa kubwa kupita hapo, sailensi haitatulia, kwa sababu muda wa kufunguka unakuwa mfupi mno na nozeli haziwi sawa. Pima ohm: 12 hadi 16 unafunga moja kwa moja, 2 au 3, lazima rizista kwenye kila waya, la sivyo unachoma transista za kontrol boksi.

Sasa tanki. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tanki la kabureta halina vizuizi ndani. Kabureta ina bakuli lake la mafuta, kwa hiyo pampu ikivuta hewa sekunde mbili hamjui. Nozeli hazina bakuli. Robo tanki, kona za Kitonga, mafuta yanakimbilia upande mmoja, presha inaanguka, injini inakatika ikiwa na mzigo. Weka kitanki kidogo cha lita 1 hadi 1.5 kwenye chesisi. Pampu yako ya kimakanika, yenye presha ya bar 0.2 hadi 0.3, inakijaza. Pampu ya presha inavuta chini yake na kupeleka kwenye reli. Regyuleta inarudisha kwenye kitanki hichohicho, na mdomo wa juu kabisa unapeleka ziada na mvuke kwenye tanki kubwa. Matumizi ya juu kabisa ni kama nusu lita kwa dakika, pampu ya zamani inatosha.

Mpira wa mafuta uwe wa EFI, uliochapwa R9 ubavuni, na klipu za mviringo zisizokata mpira. Mpira wa kabureta kwenye bar 3 hupasuka, na unapasuka juu ya egzosti.

KabuLeoKabuKesho

Kabla hamjachoma manifodi ya watu. Dar ni usawa wa bahari, Mbeya ni karibu mita 1,700. Hewa ya Mbeya ni pungufu kwa karibu asilimia 18 hadi 20, na kabureta haijui. Hiyo nakubali. Lakini moshi mweusi mwingi kiasi cha kujaza masizi kwenye plagi siyo mwinuko peke yake. Angalia kiwango cha mafuta kwenye bakuli, valvu ya pini ya floti, na choki kama inafunguka yote injini ikiwa ya moto. Valvu ya pini iliyolika ni kipuri cha bei ndogo.

Na kama lengo ni nozeli tu, injini nzima ya 1RZ-E ya Hiace nayo ni cc 1998. Ila hapo kuna mauntini (vishikio vya injini), belihauzi (nyumba ya klachi), na namba ya injini kwenye kadi lazima ikabadilishwe TRA.

NozoNne

Pini ya floti, hoja nzuri, aanze nayo. Ila haitamaliza tofauti ya Dar na Mbeya. Sensa ya MAP inapima presha halisi ndani ya manifodi, siyo tofauti yake na nje, kwa hiyo mchanganyiko unajirekebisha gari linavyopanda bila mtu kugusa kitu.

WayaMweusi

Kuhusu distributa: mwanzoni usiiguse. Iache na vizito vyake na kopo la vakyumu, kontrol boksi iendeshe mafuta tu. Ukibadilisha mafuta na moto siku moja, gari likigoma hujui ulaumu kipi. Jambo moja la kuangalia: mpira wa vakyumu wa distributa ulikuwa umechomekwa juu kidogo ya kipepeo cha kabureta, mahali pasipovuta gari likiwa sailensi. Throto mpya isipokuwa na tundu hapo, ukiuchomeka chini ya kipepeo taimingi itaruka mbele kwenye sailensi. Toboa tundu la mm 2 mahali sahihi.

Ishara ya mizunguko utaitoa hasi ya koili. USIPELEKE ile waya moja kwa moja kwenye kontrol boksi. Koili inapokatika inarusha volti mia kadhaa upande huo. Pitisha kwenye optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga) yenye rizista, au itoe kwenye mdomo wa igniter wa takometa kama upo. Speeduino (kontrol boksi ya kujipangia mwenyewe) ina mpangilio wa distributa ya kawaida unaopokea pigo moja kwa kila silinda, unakutosha. Kwa kuwa haijui silinda namba moja ni ipi, nozeli zitafunguka kwa jozi. Kwa pickup ya mizigo hakuna tofauti utakayoisikia.

Waya zenyewe: pampu ipate rilei yake, fyuzi ya ampea 15, waya wa mm² 2.5 kutoka betri. Nozeli fyuzi ya 10. Kontrol boksi iendeshe rilei ya pampu: ukiwasha swichi inazunguka sekunde mbili, isipoona mizunguko inazima. Anayefunga pampu moja kwa moja kwenye swichi anatengeneza moto. Gari likipinduka pampu inaendelea kumwaga.

Eathi za nozeli na za kontrol boksi ziende kwenye boliti moja ya bloku, iliyosuguliwa hadi chuma king'ae. Eathi za sensa zisiguse bodi popote; zirudi kwenye kontrol boksi peke yake. Halafu bloku kwenda hasi ya betri kwa waya mnene. Magari haya ya 1989 mkanda wa eathi wa injini mara nyingi umeoza ndani ya plastiki yake, kwa macho ni mzima. Pima injini ikiwa inazunguka kwa stata: kati ya bloku na hasi ya betri isizidi volti 0.2.

Plagi ziwe za rizista (kwa NGK kuna herufi R katika namba) na waya za plagi ziwe za kaboni. Zile za shaba tupu zinarusha kelele, kontrol boksi inahesabu mizunguko ambayo haipo na kumwaga mafuta hovyo.

PickupYaUyole

Asanteni sana. Pini ya floti nitaanza nayo kabla ya yote. Nimeshapata nozeli za cc 220, ohm 14, na pampu ya nje. Naomba namba za kuanzia, na mahali pa kuweka sensa ya egzosti.

NozoNne

Hesabu hiyo hapa. Silinda moja ni cc 500, hewa yake ni kama gramu 0.6. Gawa kwa 14.7 (uwiano wa hewa kwa petroli) unapata gramu 0.041 za petroli, sawa na cc 0.055. Nozeli ya cc 220 kwa dakika inatoa cc 3.67 kwa sekunde, kwa hiyo inahitaji milisekunde 15. Hiyo ndiyo namba utakayoiona kwenye TunerStudio (programu ya kutyuni kwa kompyuta) ukijaza cc 1998, silinda 4 na nozeli 220. Ikitoka 30 au 7, kuna mahali umejaza vibaya. Kwa mizunguko 5,000 una milisekunde 24 kwa kila mzunguko kamili wa kazi, bado uko kama asilimia 63 tu ya uwezo wa nozeli.

Shabaha za mchanganyiko: sailensi 13.5 hadi 14, mwendo wa kawaida 14.7, ukikanyaga yote na mzigo 12.5 hadi 12.8. Usijaribu kubana mafuta kwenye mlima na tani moja nyuma.

Sensa ya egzosti (ya kupima oksijeni kwenye moshi) iwe Bosch LSU 4.9. Nati yake ni M18x1.5, ichomelee baada ya mabomba kukutana, ielekee juu angalau digrii 10 ili maji yasiingie. Ikishafungwa lazima iwe na umeme kila injini inapowaka. Ikikaa baridi ndani ya moshi inaziba.

Sensa ya joto la maji, ukitumia ya Toyota, itasoma kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na karibu ohm 300 kwenye nyuzi 80. Jaza namba hizo kwenye programu. Sensa hii ikidanganya kwamba injini ni baridi, mafuta yanaongezwa safari nzima na utarudi kulekule kwenye moshi mweusi.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza: chomoa waya za nozeli, washa pampu, acha bar 3 kwa dakika kumi, pitia kila kiungo kwa kidole. Kizima moto kiwe mkononi, siyo ndani ya gari.

WayaMweusi

Nyongeza. Sailensi ikipanda na kushuka, 700 hadi 1,400 na kurudi, usikimbilie kompyuta. Ziba mdomo wa throto kwa kiganja. Injini ikizima mara moja, hewa inapita njia yake na shida ni tyuni. Ikiendelea kuzunguka, kuna hewa inayoingia kwingine: oringi za nozeli, gasketi ya bamba la throto, au mpira wa sevo ya breki. Oringi zipakwe oili ya injini kabla ya kusukumwa. Ikiingia kavu inakatika upande mmoja na huioni.