Majirani wa Mbuyuni 🌳

*Jumatatu*

[06:52] Mama Neema: Habari za asubuhi wapendwa. Narudia tangazo la jana maana limefunikwa na stika za Baba Joji. Alhamisi hii tunaanza mazungumzo ya historia ya hapa kwetu. Saa 7 mchana mpaka saa 8, ukumbi wa mtaa. BURE. Wa ofisini ni muda wenu wa mapumziko, wa sokoni mwachie mtu meza, saa moja tu. Mwenye picha za zamani aje nazo.

[06:53] Mama Neema: Mwalimu mstaafu atatufungulia na reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar 1905, hapa Dodoma ikafika 1910, Kigoma 1914. Anataka jibu LEO kabla ya saa 10 jioni. Tuko wangapi, na ufunguo wa ukumbi uko kwa nani?

[07:40] Mama Neema: Wamesoma 38. Kimya.

[08:05] Baba Joji: Kuna pilau?

[08:05] Juma Umeme: 😂😂😂

[08:06] Juma Umeme: Saa saba mchana bila sahani, hiyo si historia, hiyo ni swaumu

[08:11] Mama Neema: Ni MAZUNGUMZO. Mwenye njaa abebe chake. Ufunguo jamani.

[08:30] Salma Duka: Naweza kupika wali maharage, kila mtu buku. Nijue mapema nipime mchele

[08:34] Kelvin: Wiki ya pili iwe jina la Dodoma, tembo aliyezama

[08:35] Baba Joji: Yule tembo tangu niko darasa la pili anazama tu. Mwacheni apumzike

[08:36] Kelvin: Basi karanga za Kongwa. 1947 Waingereza wanashusha mitambo, mpaka vifaru vya vita vimegeuzwa matrekta. Kufika 1951 mradi umekufa, udongo umekauka kama sakafu

[08:38] Baba Joji: Wangemuuliza bibi yangu habari za mvua ya Kongwa wangerudi na hela zao

[08:39] Juma Umeme: Na karanga za kutafuna kwenye meli

[08:41] Mama Neema: UFUNGUO.

[11:20] Shangazi Mbeleje: Mnaomba picha tena? Mimi nilishatoa ya baba pale stesheni, kavaa kofia ya reli, mkono kauweka kwenye behewa. Mkaiazima siku ya Mwenge. Ikarudi fremu.

[11:26] Mama Neema: Shangazi, hilo si tulilimaliza?

[11:27] Shangazi Mbeleje: Mlilimaliza nyie.

[11:27] Shangazi Mbeleje: Fremu ninayo mpaka leo. Nimewekea kalenda.

[11:29] Baba Joji: _Ujumbe huu umefutwa_

[11:30] Shangazi Mbeleje: Nimeshausoma Baba Joji.

[11:44] Mama Neema: Shangazi, safari hii picha zitapigwa kwa simu palepale, haitoki hata moja mkononi mwa mwenyewe. Naandika hapa wote waone.

[15:10] Babu Mwaluko: Mbukwenyi. Naandika mimi Stella, babu kasema niandike kama anavyotamka

[15:19] Babu Mwaluko: Nimesomewa yote. Reli ni jambo zuri, lakini mkianza na reli mmeanza na wageni. Kwanza semeni Mtunya, ile njaa kuu. Vita ile ya kwanza Mjerumani alichukua ng'ombe, akachukua mtama, vijana wakabebeshwa mizigo. Akaja Mwingereza, naye akachukua kilichobaki. Halafu mvua ikakataa. Mama yangu alikuwa ndiyo anang'oka meno ya utoto. Akaachwa Mpwapwa kwa watu wasio wa kwao, kwa kapu la mtama, ili wadogo zake wale. Walipomfuata alikuwa anaitika jina jingine. Mpaka amezeeka hakukubali mtu abakize tonge kwenye sahani.

[15:22] Babu Mwaluko: Nitalisema mwenyewe miguu ikiruhusu. Ila siku hiyo asile mtu mle ndani. Chakula kije nikishanyamaza.

[15:51] Baba Joji: Sawa babu 🙏🏾

[15:53] Juma Umeme: Tumesikia babu

[15:55] Mama Neema: Mbukwenyi babu, shikamoo. Tumepokea. Stella mwangu, muulize ni Alhamisi HII au inayofuata? Maana mwalimu ameshaandaa picha zake za reli za kuonyesha ukutani na projekta nimeshaiomba.

[16:20] Babu Mwaluko: Amelala

[16:38] Mama Neema: Nimeongea na mwalimu. Anasema anampisha babu kwa moyo mmoja, ila miguu ikigoma atasimama yeye na reli yake. Kwa hiyo Alhamisi ni mmoja wao. Idadi nimemtajia 20. Waliojiandikisha ni watatu, na mmoja ni mimi.

[16:40] Kelvin: Niandike

[16:40] Mama Neema: Wanne.

*Jumanne*

[05:58] Mjumbe: Ndiyo naona sasa, simu ilikuwa kwa fundi. Ufunguo ninao mimi

[06:01] Mama Neema: Mungu akuzidishie!!!

[06:40] Mjumbe: Nimeenda kujaribu. Kumbe huu ni wa stoo ya mabenchi. Wa ukumbi alibaki nao yule wa kicheni pati

[06:41] Kelvin: Yupi?

[06:41] Mjumbe: Yule.

[06:42] Juma Umeme: 😬

[06:45] Mama Neema: Mambo ya kicheni pati siyataki asubuhi hii. Mabenchi yatoke leo, Juma njoo na mkokoteni. Ufunguo nitaufuata mwenyewe.

[06:47] Baba Joji: Mpe pole atakayefungua mlango

[06:50] Shangazi Mbeleje: Bajaji ya mwanangu itamfuata babu Alhamisi saa sita na nusu, asitembee. Fremu siji nayo.

[06:58] Salma Duka: Kwa hiyo mchele nipime au nisipime?