Linux Mint haitambui kadi ya picha baada ya kuweka draiva, naombeni msaada kabla fundi hajapiga format

mpimaji_ipagala:
Wakuu habarini za jioni. Nina desktop ya mtumba nilinunua hapa hapa Dodoma, ina kadi ya NVIDIA GT 1030, natumia Linux Mint 22, kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja kwa QGIS (programu ya ramani). Mwanzo nilikuwa na ile draiva (programu inayoiendesha kadi) inayokuja na mfumo wenyewe, nouveau, ilikuwa inakwenda ila ukifungua ramani ya 3D inasuasua, nikaona niweke ya kampuni. Jumamosi nikaandika sudo apt install nvidia-driver-535, bando likakata katikati nikaongeza, ikamaliza, nikawasha upya. Tangu hapo kioo kimeganda 1024x768, herufi kubwa kama za bango, kuna ujumbe kwamba Cinnamon (muonekano wa Mint kwenye kioo) inaendeshwa bila msaada wa kadi, na feni inavuma mpaka watoto wanauliza kuna nini. nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, inaniambia haiwezi kuwasiliana na draiva. Mteja wa Iyumbu anataka ramani yake Alhamisi na fundi mmoja kaangalia dakika mbili akasema tupige format. Kazi za miaka 3 zimo humo.

kijana_wa_kizota:
Pole sana mkuu. Usikubali format, faili zako hazina shida yoyote. Shusha draiva kwenye tovuti yao, lile faili la .run, utapona.

mama_manyoni:
Hapana kijana, hapo utamwongezea tatizo. Lile la .run likikutana na draiva iliyowekwa kwa apt zinavurugana, na kaneli (kiini cha mfumo) ikibadilika mara nyingi unaanza upya. Mpimaji, wakati wa kuweka haikukuuliza kutengeneza password ya Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati inawaka)? Na ulipowasha upya haukuja ukurasa wa bluu?

mpimaji_ipagala:
Dada yangu umejuaje? Iliuliza password ya herufi 8 hadi 16 nikaweka. Halafu ukaja ukurasa wa bluu umeandikwa Perform MOK management, nikaona Continue boot nikabonyeza hiyo, nilikuwa na haraka.

mama_manyoni:
Basi ndo hapo hapo. Secure Boot hairuhusu draiva isiyo na sahihi inayoitambua. Mashine yako imetengeneza ufunguo wake wa kuisainia draiva (ndo hiyo MOK), na ule ukurasa wa bluu ulikuwa unakuomba uukubali, ukapita. Kwahiyo draiva ipo ila inakataliwa mlangoni, nouveau nayo ilishazimwa wakati unaweka ya kampuni, kadi imebaki haina wa kuiendesha. Thibitisha kwanza: mokutil --sb-state, halafu sudo modprobe nvidia. Ukiona Key was rejected by service, usihangaike na kingine.

mpimaji_ipagala:
SecureBoot enabled. Na hayo maneno ya Key was rejected yametoka vile vile!

mama_manyoni:
Andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, itaomba password mpya, weka rahisi ila uiandike kwenye karatasi. Washa upya. Ukurasa wa bluu ukija uwahi kubonyeza kitufe chochote maana unasubiri sekunde chache tu unaondoka, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika ile password (haionekani unapoandika, usiogope), kisha Reboot.

mzee_wa_zabibu:
Au azime tu Secure Boot kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), mimi Mpwapwa huku nimefanya hivyo mwaka wa pili sasa na hakuna lililoniharibikia.

mama_manyoni:
Inafanya kazi mzee wangu, sikatai. Ila yeye anakaa na hati za watu, mimi ningeiacha iwe imewashwa. Ufunguo ukishakubaliwa mara moja basi, kaneli mpya ikija programu iitwayo dkms inaijenga draiva na kuisaini kwa ufunguo ule ule, mradi linux-headers-generic (faili za kaneli zinazohitajika kuijenga) iwepo. Mpimaji hakikisha unayo.

mpimaji_ipagala:
Wakuu IMEKUBALI. Mara ya kwanza ukurasa ulinipita nikiwa nasogeza kiti, nikarudia import, mara ya pili nikakaa na kidole juu ya kibodi. nvidia-smi inaonyesha GT 1030 na 535, kioo kimerudi 1920x1080, feni imenyamaza. headers nilikuwa nazo. Nimefungua ramani ya Iyumbu kwa 3D nikaizungusha kile kilima chote bila kukwama. Mama Manyoni Mungu akubariki sana, fundi nimempigia nimemwambia asije.