Foleni ya vipaumbele kwa C: orodha, safu au Fibonacci?

kasuku_64
Wakuu, heshima kwenu. Naandika Dijkstra (algoriti ya kutafuta njia fupi kuliko zote) kwa C: nodi 200,000, barabara 500,000 za kwenda na kurudi. Maktaba sanifu ina `qsort` na `bsearch`, hipu (mti ambao mzazi hazidi watoto wake, kwa hiyo kilicho kidogo kinakaa juu) haimo. Nipo njia panda: orodha iliyounganishwa inayokaa imepangwa muda wote, hipu ya binari kwenye safu, au hipu ya Fibonacci?

Mzee_wa_Gdb
Mkuu, orodha achana nayo. Kutoa kilicho kidogo ni chapuchapu, ila kuingiza kunaweza kukuzungusha orodha nzima. Kwenye safu, watoto wa `i` wako `2*i+1` na `2*i+2`, mzazi `(i-1)/2`, hakuna kielekezi (pointer) hata kimoja. Mwanakompyuta Williams aliileta hipu hii 1964 na bado inadunda: vitu milioni moja, kupanda hadi juu hakufiki hatua 20.

Angalizo: kama `i` ni `size_t`, hakikisha `i > 0` kabla ya kumtafuta mzazi. Sifuri ukiitoa moja haiwi hasi, inageuka namba kubwa ajabu na programu inakufia mkononi.

shangazi_segfault
Fibonacci inapendeza kwenye karatasi: kupunguza kipaumbele kwa wastani ni gharama isiyoongezeka hata hipu ikikua. Lakini kila nodi inabeba vielekezi vinne, nazo zimetawanyika kumbukumbuni. Kwa grafu yako sioni faida.

kasuku_64
Shikamoo shangazi. Sasa kwenye safu nitapunguzaje umbali wa nodi iliyokwisha kuingia? Sijui imekaa wapi.

Mzee_wa_Gdb
Usipunguze. Ingiza nakala mpya. Ukitoa kitu ambacho umbali wake umezidi `d[u]` (umbali mfupi uliokwisha kuupata wa nodi hiyo), kitupe, endelea. Kwako nakala hazivuki milioni moja. Kwa baiti 16 kila moja, ni MB 16 tu.

tatu_bila
Mzee, hapo kwa Dijkstra sawa. Kwa vipima muda vinavyofutwafutwa, takataka zitajaa. Mimi naweka nafasi ya kitu ndani ya `struct` yake na kuisahihisha kila vitu vinapobadilishana. Maktaba ya Libevent nayo hufanya hivyo. Usumbufu wake: ukisahau kusahihisha mahali pamoja, utakesha.

shangazi_segfault
Marahaba kasuku. Ukimaliza, jaribu watoto wanne badala ya wawili: `4*i+1` hadi `4*i+4`. Kimo kinapungua nusu, na watoto wanne wa baiti 16 wanatosha mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ya haraka ya kichakataji) wa baiti 64. Ila wanaanzia nafasi ya 1, kwa hiyo sogeza mwanzo wa safu ili wasikatwe katikati. Na usilinganishe kwa `a - b`, `int` itafurika.

kasuku_64
Basi safu na nakala. Safu ikijaa naongeza mara mbili kwa `realloc`.

Mzee_wa_Gdb
Jibu la `realloc` liweke kwanza kwenye kielekezi cha muda. Ikirudisha `NULL` nawe umeliandika jibu hilo juu ya kielekezi cha zamani, hipu yote imepotea.