Nina laki moja na nusu na watoto 87 wa darasa la pili: ninunue vitabu gani vya hadithi?

Mwl wa Pambani

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nafundisha darasa la pili mkoani Simiyu, shule ya kijijini. Watoto 87, chumba kimoja, dawati moja wanne, na siku za mahudhurio mazuri watano. Vitabu vya kiada si haba, kimoja kwa watoto watatu. Hadithi ndizo hatuna. Sasa wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi yuko Mwanza anaendesha bajaji, kanirushia laki moja na nusu kwenye simu na ujumbe: "Mwalimu nunulia watoto vitabu, usile." Sijala. Hata makato ya kutolea nimelipa mwenyewe.

Jumamosi nikapanda basi hadi Mwanza. Duka la kwanza nikaoneshwa vitabu vya Kiingereza vyenye theluji na kasri. Vya Kiswahili vilikuwepo, ila karibu vyote ni mtoto mtukutu aliyekatazwa kwenda mtoni, akaenda, akakiona cha moto, na ukurasa wa mwisho umeandikwa "Tunajifunza nini?" Nilinunua kimoja kwa majaribio, elfu sita. Jumatatu nikawasomea. Walinisikiliza vile wanavyosikiliza matangazo mstarini.

Jambo jingine: nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiswahili wamekutana nacho kwangu. Kisukuma hakina R, kwa hiyo "rafiki" ni "lafiki" na "barua" ni "balua". Mwaka jana alikuja mgeni kupima kusoma, akamkata mtoto maksi kwa hilo, wakati mtoto kasoma sentensi nzima na kaielewa. Iliniuma.

Walio na uwezo wa kusoma peke yao ni kama 20. Wengine wanaunga silabi, na wapo ambao "ba" na "da" bado ni mapacha. Ninunue nakala nyingi za kitabu kimoja, au kimoja kimoja vya aina nyingi?

Bibi Kigoda

Marahaba mwanangu. Nimefundisha la kwanza na la pili miaka 34, Muheza kisha Pangani, sasa nimestaafu nakaa na wajukuu.

Usigawanye hiyo hela kwa vichwa 87, utaambulia kurasa. Watoto wako wengi bado wanasoma kwa masikio. Nunua cha kuwasomea wewe.

Dukani usiangalie jalada. Simama pembeni usome kwa sauti, muuzaji akushangae mwache. Ukifika ukurasa wa tatu ulimi umeshachoka, jua masikio ya watoto yalichoka ukurasa wa pili. Tafuta chenye kiitikio, maneno yanayorudi na kurudi, kwa sababu hapo ndipo asiyejua kusoma anapojiunga na wenzake. Mara ya kwanza anaitikia kwa kukariri. Mara ya nne unamwekea kidole kwenye neno lile lile, anashtuka: kumbe nalijua! Kisha ziba maandishi kwa mkono uangalie picha peke yake. Picha ikikueleza kinachotokea, chukua. Kama ni mtu kasimama tu anatabasamu, rudisha kwenye rafu.

Huo ukurasa wa "Tunajifunza nini?" mimi nilikuwa naubandika kwa uji wa muhogo. Kitabu kilekile, watoto wakaanza kukiomba.

Na ujitafutie nakala moja ya *Hekaya za Abunuwasi*. Ni ya kwako, si ya kuwapa, maana Kiswahili chake ni cha pwani ya zamani na watoto wa la pili hawakiwezi. Soma usiku, asubuhi simulia kwa maneno yako. Anza na ile ya sufuria: Abunuwasi kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kadogo ndani yake, eti imezaa. Jirani kafurahi, kapokea. Safari ya pili kaazima, hakurudisha, kaulizwa, kasema imekufa. Jirani akawa mkali: sufuria inakufaje? Naye akamuuliza, mbona ilipozaa ulikubali? Simulia, halafu nyamaza. Usieleze chochote. Watabishana wenyewe, na watabishana kwa Kiswahili kwa sababu sufuria na kuzaa na kufa wanavijua.

Hiyo R iache. Itakuja.

Kazi Kwanza

Mimi naona mnapotea. Mtoto hajui silabi unamletea Abunuwasi? Nunua chaki, manila na madaftari. KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwanza, hadithi baadaye.

Bibi Kigoda

Mwanangu Kazi Kwanza, mtoto anayeunga "ba be bi bo bu" tangu Januari mpaka Novemba bila kuambiwa mwisho wa safari kuna nini, mwezi wa saba anaanza kuchunga ng'ombe siku za shule. Silabi nimezifundisha kabla hujazaliwa, pengine. Vinakwenda pamoja.

Msomaji wa Sinza

Mwalimu, niongeze upande wa hesabu maana nafanya kazi steshenari.

Kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, upo mtandaoni tangu 2014. Hadithi zake nyingi zipo kwa Kiswahili, bure, na leseni inaruhusu kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha. Zimepangwa ngazi tano: ya kwanza ni maneno tu chini ya picha, ya tano ni ya mwalimu kusomea darasa. Wewe chukua ngazi ya kwanza na ya pili kwa watoto, ya tano kwa ajili yako.

Hadithi ya kurasa 12 ukiikunja kijitabu ni karatasi tatu za A4 mbele na nyuma. Kwa bei yetu ya shilingi 100 kila upande, nyeusi na nyeupe, ni 600. Nakala 22, yaani kila dawati la watoto wanne lipate yake, ni 13,200. Hadithi nne ni 52,800. Gamba la manila na pini za kubania weka elfu kumi. Unabaki na zaidi ya elfu 80 za kununua vitabu vya rangi ambavyo Bibi ameshakuelekeza.

Angalizo: kila mtu anaweza kupandisha hadithi kule, na tafsiri nyingine zimefanywa ovyo, ngeli zinagongana. Soma kabla hujachapa. Sentensi mbovu irekebishe, unaruhusiwa.

La mwisho, usiondoke bila kuchungulia kabati la mwalimu mkuu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991, na vitabu vyake viligawiwa shule nyingi za vijijini. Shule niliyosoma mimi vilikuwa vimefungiwa humo, tuliviona siku ya ukaguzi tu.

Mwalimu Kwale

Salamu kutoka Kwale, Kenya. Sisi Tusome, mpango wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, ilipoanza 2015, kila mtoto wa madarasa hayo alipewa kitabu chake cha Kiswahili, akawa anakwenda nacho nyumbani. Vinarudi na mafuta ya taa, vinarudi na mchuzi. Mwanzoni nilikuwa nikigomba, sasa nikiona kitabu kisafi mno ndipo namuuliza mtoto maswali.

Ukipata vitabu vya huku kwetu uwe tayari, mumo mna matatu na gredi. Watakuuliza matatu ni nini, nawe utasema daladala, na hapo somo lishaanza.

Mwl wa Pambani

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Bibi, shikamoo tena.

Kabati kweli. Mwalimu mkuu alinipa ufunguo baada ya kunisainisha karatasi mbili. Vitabu 31, mhuri wa shule kila ukurasa, vinyesi vya panya juu. Kumi na tisa vizima. Kimoja kinahusu kuku tu, mwanzo hadi mwisho, na ndicho kinachogombaniwa.

Nimechapa hadithi mbili kwanza. Ya pili niliibadilisha: mle ndani walikuwa wanakula mkate na siagi, nikaweka michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Darasa zima lilicheka lilipofika hapo, na mtoto mmoja ambaye tangu Januari sijamsikia sauti alinyosha kidole kusema michembe ya kwao ina mchanga. Kasema nusu Kisukuma nusu Kiswahili, nikaiandika ubaoni kwa Kiswahili, akaisoma. Sasa kila Ijumaa wananisimulia, naandika kwa kalamu nene kwenye karatasi za mifuko ya saruji, tunashona. Tunavyo vitatu ukutani. Kazi Kwanza, silabi pia zinaendelea, usiwe na wasiwasi. "Mchembe" ina "mche", tumeichambua wiki nzima.

Bajaji nimemtumia picha. Kaniuliza kama kuna chenji.

Tatizo ni moja. Alhamisi niliwasimulia ile ya sufuria, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Walibishana hadi kengele. Ijumaa nikaanza kuazimisha vijitabu kwenda nyumbani, nikawaonya: atakayechana atanieleza. Jumatatu kijana mmoja kaja mbele, kashika nusu ya kitabu mkono huu na nusu mkono huu, pini zimeng'oka. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwalimu, kimezaa."

Nimenunua sindano na uzi.