Mjadala: Mgongo wa kijana wa ofisini unauma. Tulaumu kiti, mwajiri au kijana mwenyewe?

Mleta mada

Wakuu, nina miaka 29 na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Mwezi uliopita niliinama kuokota kalamu nikashindwa kunyooka. Nilibaki nimeng'ang'ania ukingo wa meza, jasho jembamba linanitoka, hadi mwenzangu wa meza ya jirani akaja kunishika kwapani na kunikalisha. Sikuwa nimebeba gunia wala sikuanguka. Ilikuwa kalamu tu.

Baada ya hapo nilianza kuwauliza wenzangu mmoja mmoja, na majibu yao yalinishtua. Wanaume tu, karibu wote chini ya miaka 35, kila mmoja anauguza mgongo wake kimyakimya. Mmoja hukunja jaketi na kulisokomeza nyuma ya kiuno kila asubuhi. Mwingine anameza vidonge vya maumivu kila mchana na hajamwambia hata mkewe.

Ukiuliza sababu, wote wanasema kiti. Nimesoma kidogo kuhusu jambo hili, na naona kiti kinasingiziwa. Tangu miaka ya 1960 daktari Mswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski, ile mito laini iliyo katikati ya pingili za uti wa mgongo, akaona kwamba kukaa bila kuegemea kunaikandamiza diski kuliko kusimama. Ndiyo chanzo cha imani kwamba kukaa kunaponda mgongo. Lakini mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani walimpima mtu mmoja aliyejitolea, wakakuta shinikizo la kusimama ni megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.50 na la kukaa kwa kujiachia ni 0.46. Kuinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda kulifika 2.3. Ni mtu mmoja tu, nakubali. Ila hata wataalamu waliopitia tafiti nyingi kuhusu kukaa kazini hawakupata ushahidi kwamba kukaa peke yake kunaleta maumivu. Mambo hubadilika kukiongezwa mtikisiko, kama kwa madereva, au kukaa kwa kujipinda.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tatizo ni kutulia bila kusogea, na zaidi ya hapo, ni nani anayeamua kama unaruhusiwa kusogea. Ofisini kwetu mfumo wa kompyuta unaonyesha nukta ya kijani kando ya jina lako. Ukiondoka mezani dakika chache inageuka njano, na mwisho wa wiki dakika za njano zinajumlishwa na kusomwa kikaoni. Matokeo yake nimewaona watu wazima wakiacha kunywa maji ili wasiende msalani. Mtu wa namna hiyo mnunulie kiti cha bei yoyote, bado atakaa saa tatu mfululizo kama kigogo.

Umoja wa Ulaya ulishaliona hili mwaka 1990. Agizo lake kuhusu kazi za kwenye skrini linamtaka mwajiri apange kazi ili ikatizwe mara kwa mara kwa mapumziko au kwa kubadilisha shughuli. Uingereza ikaliweka kwenye kanuni zake mwaka 1992. Mimi nasema kunyanyuka kuwe haki inayolindwa na sheria kila mahali, kusiwe kitu cha kutegemea huruma ya bosi. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana mkuu kwa yaliyokupata, lakini napingana nawe waziwazi.

Nimefanya kazi ya kupakia na kushusha mizigo kwa miaka tisa kabla ya kuhamia ofisini. Hizo 2.3 ulizozitaja mimi nilikuwa naziishi kuanzia asubuhi hadi jioni. Wenzangu wa wakati ule hawana mtu wa kuwaandikia mada, na migongo yao imekwisha kweli. Tukianza kusema kijana wa kwenye kiyoyozi ndiye mhanga, tunawasahau hao.

La pili ni swali, na naomba ulijibu bila kukwepa. Ukitoka kazini unakwenda wapi? Ninaowaona mimi wanatoka kwenye kiti cha ofisi, wanaingia kwenye kiti cha gari, wanaishia kwenye kochi na simu mkononi hadi usiku wa manane. Hizo saa za jioni hakuna nukta ya njano. Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kuhusu washonaji na mafundi wengine wanaokaa kutwa, miguu ikifa ganzi na nyonga zikiuma, akawashauri wafanye mazoezi angalau siku za sikukuu. Aliwaambia wao wenyewe. Miaka zaidi ya 300 imepita na bado tunatafuta wa kutunyanyua.

Mchangiaji wa pili

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wagonjwa mnaowazungumzia ndio ninaowapokea. Naona wote wawili mna haki nusu, ila kuna vitu vinanikera vikiachwa hivihivi.

Kwanza, huu si ugonjwa wa wanaume. Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kijana wa kiume anachelewa. Anakuja akiwa ameshameza vidonge miezi sita, ameshavaa mkanda wa kiuno, na ameshapigwa picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, ambayo imemtia hofu kuliko maumivu yenyewe.

Hiyo picha inawaangamiza watu. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote yalikuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Sasa mtoto wa watu wa miaka 26 anasomewa kwamba "diski yako imechakaa", anarudi nyumbani anaogopa hata kuinama kufunga kamba za viatu. Misuli inalegea, anaumia zaidi, anaogopa zaidi. Nimemwona mmoja ambaye alikuwa anashikilia meza kwa mikono miwili ili akae, ilhali mgongo wake haukuwa na kasoro ya kumzuia kucheza mpira. Tulianza na kuinama hadi magotini. Wiki ya nne aliokota ufunguo sakafuni, akaunyanyua juu kunionyesha, akacheka kama aliyeshinda kombe.

Pia acheni kutafuta mkao mmoja sahihi. Haupo. Kaa wima, egemea, jikunje kidogo, halafu badilisha. Kinachochosha misuli ni kushika mkao uleule, hata ukiwa mzuri.

Kuhusu kinga, mapitio ya mwaka 2016 yenye majaribio 21 na washiriki zaidi ya 30,000 yalionyesha mazoezi pamoja na elimu yanapunguza uwezekano wa kupata maumivu kwa takriban asilimia 45. Mikanda ya kiuno na soli maalumu za viatu havikusaidia. Kwa hiyo kaka wa mizigo yuko sahihi kwenye mazoezi. Lakini namuuliza: mtu aliyelala kwa muda wa saa tano tu, anayedaiwa dakika za njano, anayeogopa kufukuzwa, atapata wapi nguvu ya kukimbia saa 11 alfajiri? Usingizi mbovu na msongo wa mawazo navyo vinaongeza maumivu. Huwezi kuvitenganisha na namna kazi ilivyopangwa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niseme langu, maana nilipoteza miaka sita nikilaumu kiti.

Maumivu yalinianza nikiwa na miaka 24, kazi ya ofisini ya kwanza. Kila mtu akasema ni kukaa sana, nami nikaamini. Kumbe dalili zilikuwa zinasema kingine. Nilikuwa naamshwa na maumivu saa 10 usiku, naanza kutembea kwenye ukumbi huku na huku hadi yapungue. Asubuhi nilikakamaa karibu saa nzima. Wikendi ya kupumzika kitandani ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, na nikicheza mpira napata nafuu.

Aliyenigundua alikuwa daktari wa macho. Jicho moja liliwaka jekundu, mwanga unachoma, nikaenda. Akaliangalia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mgongo wako vipi asubuhi?" Nilishangaa anajuaje. Akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa maungio, nikapimwa damu na kupigwa picha ya nyonga, ikaonekana ni ankilozingi spondilaitisi. Ni uvimbe wa maungio ya uti wa mgongo unaotokana na kinga ya mwili yenyewe, huweza kushambulia hata macho, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 45. Dawa zipo, na mazoezi ni sehemu ya tiba. Ila pingili zangu mbili zimeshaanza kushikana, na hilo halirudi nyuma.

Ndugu zangu, maumivu yako yakizidi unapopumzika na kupungua unapojisogeza, usikubali kuambiwa ni kiti. Na mtu akipata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au mkojo ukamgomea, aende hospitali siku hiyohiyo. Hiyo haisubiri kesho.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni msimamizi, nina watu 14 chini yangu na mfumo kama huo wa nukta. Sikuuweka mimi, na mimi mwenyewe nina nukta yangu inayoangaliwa na walio juu. Sheria ya mapumziko naikubali, ila mjue itaandikwa na watu hawatanyanyuka, kwa sababu idadi ya kazi za siku itabaki ileile. Anzeni na hiyo idadi.

Mleta mada

Nimesoma yote, asanteni sana.

Mkuu wa mizigo, umeuliza na najibu: nikitoka kazini nilikuwa nakwenda kwenye kochi. Nimeanza kutembea dakika 40 kila jioni, leo ni siku ya 11. Lakini hata Ramazzini alisema siku za sikukuu kwa sababu siku za kazi washonaji wale hawakuwa na nafasi ya kunyanyuka. Hapo ndipo bado sikubaliani nawe. Na wapakiaji wa mizigo nao wanahitaji sheria, tena kabla yetu.

Wa tatu, mchango wako nimempelekea yule mwenzangu wa vidonge. Ameniandikia usiku huu kwamba naye huamka saa 10, na hakuwahi kumwambia mtu.

Msimamizi, umenifungua macho kuhusu idadi ya kazi. Nilikuwa nimepanga kuomba dakika tano za kila saa zisihesabiwe kuwa za njano, na kumbe bila kugusa idadi ni bure. Kesho saa 3 asubuhi nina kikao na bosi wangu, na nitayaomba yote mawili. Mwenye jaketi amekubali kuingia nami.